Kamera Isiyotoka Nyumbani

Jumanne, 8 Julai

Maji ya kuoga ya Baba, kigoda, sabuni, taulo. Nageukia ukutani nasubiri aseme tayari. Leo amechelewa, mkono wa kushoto umechoka na wa kulia haufanyi kitu tangu kiharusi. Uji ukapoa. Upepo wa hapa kijijini Mungaa nao hauna adabu, umeingiza vumbi mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa.

Saa nne nikatuma video ya kila siku kwenye grupu la familia. Baba anaota jua. Kaka Deo akajibu kutoka Dar: "Yulita, simu yako inamwonyesha Baba kama yuko ndani ya moshi." Kweli. Kioo cha kamera kilipasuka mwezi wa tatu, nilisema, hakuna aliyesikia. Leo kasikia. Anasema yeye na Dada Paska wameamua kununua kamera kabisa. Ya video na ya picha za kila siku. Halafu akaandika: wewe uchague, wewe ndiye mtaalamu.

Nimesoma neno hilo mara nne. Mtaalamu. Miaka sita nimepiga harusi, ubatizo na mahafali Singida mjini, hakuna ndugu aliyewahi kuniita hivyo. Nimefurahi kijinga. Nimemwambia Baba, akatikisa kichwa, sijui kama ameelewa.


Jumatano, 9 Julai

Nimezunguka na simu nyumba nzima kutafuta mtandao. Unapatikana ukisimama juu ya jiwe la nyuma ya zizi, basi. Nimesimama pale saa nzima nasoma habari za kamera, mbuzi wananitazama.

Nataka ndogo. Hizi za siku hizi zisizo na kioo ndani, nyepesi, inaingia kwenye mkoba pamoja na dawa za Baba. Ishike uso yenyewe isihangaike. Isitikisike nikitembea nayo, maana stendi ya kamera sina na hapa kila kitu ninakipiga huku nimeshika mwiko. Iwe na tundu la maiki, kwa sababu upepo wa hapa unameza sauti ya Baba na sauti yenyewe imebaki kidogo. Ione vizuri ndani ya nyumba, madirisha yetu ni madogo. Ichajiwe kwa waya wa simu. Umeme ukikatika, ipo sola.

Lenzi ya kubadilisha? Kwa vumbi hili? Ukiifungua mara moja tu imekwisha. Nitachukua moja, ibaki humo humo.

Nimejikuta nafikiria pia harusi. Sijaandika hilo kwenye grupu.


Ijumaa, 11 Julai

Mama Salome kapiga. Bosi wangu wa zamani, mwenye studio Mandewa, pale Singida mjini. Mavuno yanaisha, msimu wa harusi unaanza, anataka mtu wa video tu. Si wa kushika taa. Wa kupiga na kuhariri, na jina langu mwisho wa kazi. Anataka nifike tarehe moja Agosti. Akasema akikosa mimi atachukua mwingine, hatanisubiri tena, ameshanisubiri.

Ni kweli amenisubiri. Nilipomuaga nilimwambia miezi mitatu. Ndivyo Kaka Deo alivyoniambia mimi: Yulita, wewe huna mume wala mtoto, kakae na Baba miezi mitatu tu, tujipange. Leo ni miezi kumi na sita. Sijui bado wanajipanga kwa ajili ya nini, kama ni vita au harusi.

Kitanda changu kiko stoo kwa Mama Salome. Amesema panya hawajakigusa.

Anasema nije na kamera yangu, za kwake zote zina kazi. Na mimi kamera inakuja! Nimecheka peke yangu jikoni. Mungu ana namna yake.


Jumamosi, 12 Julai

Nimeongea mapema mno. Kaka Deo kaandika leo, kwa herufi kubwa, kwamba hii ni kamera ya nyumbani na haitoki nyumbani. Ni ya Baba. Kila asubuhi video, kila Jumapili picha, mpaka Mungu atakapopenda.

Mpaka Mungu atakapopenda. Na Mungu akipenda miaka kumi? Namtakia Baba hiyo miaka kumi, kwa moyo wangu wote namtakia. Ila na mimi nitakuwa na arobaini na sita, nasimama juu ya jiwe natafuta mtandao.

Nimeelewa sasa. Atakayeishika kamera ndiye atakayebaki. Wameniambia nichague kufuli langu mwenyewe, na mimi nikakimbilia kuuliza rangi.

Dada Paska kaweka mikono ya sala. Ndiyo mchango wake.


Jumatatu, 14 Julai

Siku ya kufuata dawa za Baba mjini. Siku yangu moja kwa mwezi. Mama Mkubwa, mke wa kaka yake Baba, amekuja kukaa naye. Mjini nikanywa soda polepole kama mtalii.

Mama Salome kaniazima kamera mbili nizijaribu kabla ya kuwaambia kina Kaka. Moja kubwa kiasi, ina kitundu cha kuweka jicho, imara, picha zake nzuri kwelikweli. Nyingine ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, haina kitundu, ina skrini tu ya nyuma inayogeuka mpaka ikutazame. Nirudishe zote Jumanne ijayo kwa dereva wa Noah, gari la abiria la huku.

Nimemuuliza kama kweli kitanda kipo. Kanipeleka stoo. Kipo. Nimekigusa. Machozi yakanilenga, kwa ajili ya kitanda jamani, mbao sita na godoro!


Jumatano, 16 Julai

Leo nimeharibu. Sijui hata pa kuanzia.

Nilikuwa uani na ile kamera kubwa. Jicho kwenye kitundu, jingine nimefumba, pumzi nimebana ili isitikisike. Najaribu inavyoshika watu wanaotembea. Baba Mkubwa akaingia kwenye uzio. Koti, kofia, fimbo, jua la asubuhi liko ubavuni. Nikasema moyoni, ee, hapo hapo. Akasimama. Nikasema safi sana, na kusimama kasimama. Nikamvuta karibu. Nikaona kila unywele wa ndevu zake. Hakusogea. Nikaendelea. Dakika tatu nzima nampiga mzee wa miaka themanini amesimama kwenye uzio, namsifia moyoni kwamba anajua kukaa mbele ya kamera.

Alikuwa anasubiri shikamoo.

Akageuka, akaondoka. Hata hapo nilimfuata na lenzi, mgongo wake ulikuwa unatoka vizuri. Mama Mkubwa ndiye aliyekuja baadaye kunieleza. Kasema mzee amefika nyumbani, ameketi, hataki chakula. Mtoto wa mdogo wake amemtazama kama mbuzi wa mnadani.

Baba alikuwa pale kwenye kiti, ameona yote. Mdomo ulikuwa unahangaika kusema kitu. Kumbe alikuwa ananiita.


Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda kuomba radhi. Jogoo mkononi, kanga mbili, magoti chini mlangoni. Shikamoo Baba Mkubwa. Kimya. Shikamoo Baba Mkubwa. Kimya. Ya tatu akaitikia marahaba, nzito. Akasema tangu nimekwenda mjini sina macho, nina vioo. Nikasema ni kweli Baba Mkubwa, nimekosa. Akampokea jogoo.

Habari ilishafika Dar kabla sijarudi nyumbani. Kaka Deo: "Yulita, unatutia aibu na hao wazee ndio tunaowategemea." Mnaowategemea kwa lipi, wakati uji napika mimi? Sikuandika hivyo. Niliandika samahani Kaka.

Naandika samahani mpaka simu inanimalizia neno yenyewe.


Ijumaa, 18 Julai

Ile ndogo. Nimeelewa leo kwa nini ndiyo yenyewe. Unaishika kifuani, skrini umeigeuzia juu, unachungulia kidogo tu kama unayetazama sahani. Uso wako uko wazi. Mtu akiingia unampigia magoti, unamwamkia, unamuuliza habari za ng'ombe, na kamera inaendelea. Amepita mama wa jirani, amepita katekista, wote nimewaamkia, wote wamo. Hakuna aliyenuna. Wale wa kwenye video za mtandao wanaopima kamera hawasemi jambo hili. Kwao labda mtu anapigwa picha kwanza, anasalimiwa baadaye.

Kwa harusi za kwetu hii ni dhahabu. Mashangazi wale wa Iramba, wakali! Ningeingia nayo mpaka chumba cha bibi harusi na hakuna ambaye angesema nimemvunjia heshima.

Ningeingia. Naandika kama marehemu.

Kasoro zake: betri inakwisha haraka, zinahitajika mbili. Ikipata jua kali inapata joto. Nimeandika kwenye grupu faida na hasara zote, kwa utaratibu, kama mtaalamu. Kaka Deo anataka video za mfano ajionee. Moja ya Baba, moja ya nje, moja ya mtu anayeongea karibu, apime sauti na uso.


Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa. Baba kanywa uji, nimemweka uani. Ya Baba nimepiga, anavua kofia na kuivaa. Ya nje nimepiga, shamba la alizeti lililokatwa, vishina vitupu. Ikabaki ya mtu anayeongea. Mtu ni nani? Ni mimi. Nikaweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, skrini nikaigeuza initazame.

Sijajitazama hivyo siku nyingi. Nimechakaa. Nimefanana na marehemu Mama.

Watu husema moja mbili tatu, moja mbili tatu. Nilifungua mdomo kusema moja mbili tatu. Nikasema haya:

"Naitwa Yulita. Nina miaka thelathini na sita. Mliniambia miezi mitatu, leo ni kumi na sita. Nampenda Baba. Nimechoka. Nimepata kazi Mandewa na nataka kwenda tarehe moja. Sitaki kuwa mtu wa kubaki kwa sababu sina mume. Naomba mmoja wenu aje, au tuweke mtu, au Baba aje kwenu. Nikibaki hapa nitaanza kumchukia, na yeye hajanikosea kitu."

Sekunde arobaini. Nimeisikiliza. Sauti haikutetemeka. Kule nyuma anaonekana Baba kwenye kiti, ukungu ukungu, kamera imeushika uso wangu na kumwacha yeye.

Nimepanda jiweni, nikatuma zote tatu. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ya mtihani.


Jumatatu, 21 Julai

Majibu yamekuja. Nayanakili yote hapa nisije nikadhani niliota.

Kaka Deo: "Hiyo ya tatu safi sana. Sauti inasikika neno kwa neno."

Dada Paska: "Rangi nzuri. Uso umetoka vizuri Yuli, umenenepa kidogo."

Kaka Deo: "Tuchukue hiyo ndogo. Nitaitafuta Kariakoo wiki hii."

Dada Paska: mikono ya sala.

Basi.


Jumanne, 22 Julai

Nimezirudisha kamera kwa dereva. Sina la kuandika.


Alhamisi, 24 Julai

Nina la kuandika. Nimempigia Dada Paska, si kwenye grupu, yeye peke yake, Mwanza. Nikamuuliza Dada, ulisikia nilichosema kwenye ile video? Nyuma yake kuna redio na watoto wake wanagombana. Akasema, "Nilisikia. Wote tulisikia. Ulitaka tuseme nini?"

Nilitaka mseme nini! Nilitaka mseme hapana. Hata hapana ningeishika, ningegombana nayo. Nilitaka mnitukane. Mmenisifia sauti.

Akasema nyumba yake ina vyumba viwili, mume wake hana kazi. Akasema Kaka Deo mke wake hataki. Akasema mtu baki hawezi kumkalisha Baba kwenye kigoda na kugeukia ukutani, Baba atakufa kwa aibu kabla ya ugonjwa. Kila neno ni kweli. Hilo ndilo linaloniua, hakuna hata mmoja mwongo. Kisha akalia. Nikaishia kumbembeleza mimi.


Jumatatu, 28 Julai

Kamera imefika kwa basi. Ndogo, nyeusi, nzuri. Betri mbili, kama nilivyoomba. Maiki ina manyoya ya kuzuia upepo. Kaka Deo hakubana mkono, lazima niseme.

Ameipeleka kwa fundi, chini wakachonga maandishi: FAMILIA YA MZEE PETRO, MUNGAA. Kama kiti cha kukodisha msibani.

Nimeiwasha. Mikono yangu imefurahi kabla yangu. Nimempiga Baba anacheka, kuku alikuwa amepanda juu ya goti lake. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kumpiga mtu. Nimeitazama nikasikia hasira mpaka masikio yakaziba. Nimekasirikia picha.


Jumatano, 30 Julai

Nimemwambia Mama Salome kamera imekuja lakini haitoki nyumbani. Nilidhani hapo ndipo patakuwa mwisho, na nikiri hapa kwamba nilikuwa nimejiandaa kupumua. Akasema njoo mikono mitupu, utatumia ile ndogo yangu, ile ile uliyojaribu. Ijumaa asubuhi. Kuna harusi Jumamosi.

Kwa hiyo haikuwa kamera iliyonizuia.

Nimekwenda kwa Mama Mkubwa. Shikamoo, marahaba. Nimemweleza yote, nimepiga magoti, nimemwomba amtazame Baba wiki mbili tu mpaka nitafute njia. Mama Mkubwa ana miaka sabini na mitano na mzee wake hachoti maji. Akanishika kichwa. Akasema, "Nenda mwanangu. Siku moja moja nitakuja kumchungulia." Siku moja moja. Baba anakula mara tatu.

Lakini amesema nenda. Ndiye mtu wa kwanza.


Alhamisi, 31 Julai

Nimefunga begi. Gauni mbili, kanga, viatu vya mjini. Kamera nimeiacha juu ya kabati, na karatasi ya maelekezo kwa yeyote atakayekuja: washa hapa, geuza skrini hivi, salimia watu kwanza.

Nimemfulia Baba mashuka yote. Nimepika maharage ya siku mbili. Nimepanga dawa kwenye vifuniko vya soda, asubuhi, mchana, jioni, siku nne. Halafu nikakumbuka mkono wake mmoja hauwezi kufungua mtungi wa maji. Nimehamishia maji kwenye jagi.

Nimeandikia grupu: Kesho nakwenda Singida kazini. Njooni kwa Baba. Alama mbili za bluu, wote wamesoma.

Nina hofu na nina furaha, vyote kwa pamoja.


Ijumaa, 1 Agosti

Bodaboda alikuja saa moja na nusu. Begi nilikuwa nimeshalitoa nje.

Nikaenda kumuaga Baba. Alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati mwenyewe, vifungo vimepishana. Nikamfungua nikamfunga upya. Nikamwambia Baba, nakwenda. Siku hizi maneno yanamjia kwa taabu, Kiswahili kimemtoka karibu chote, amebaki na Kinyaturu. Lakini alikitafuta Kiswahili. Alisema alinisikia siku ile uani, nikiongea na kinu. Alisema nimechoka, ameona. Akasema, "Nenda, mama. Nenda."

Aliniita mama, kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo.

Nikashika mkono wake wa kulia, ule usiosikia. Nikabusu. Nikafika mlangoni.

Akauliza, "Utarudi saa ngapi?"

Nikageuka. Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo asikie vizuri jibu, ajue asubiri mpaka lini.

Nikasema jioni, Baba.

Akaitikia kwa kichwa. Haya.

Nikatoka. Nikasimama kwenye uzio, bodaboda anafunga begi kwa mpira. Sijui ni muda gani. Aliniuliza dada vipi, twende? Nikamwambia afungue begi. Nikamlipa kama vile amenipeleka. Nikamwandikia Mama Salome asinisubiri. Akajibu: pole mwanangu, kitanda nitakuletea gari likipatikana.

Nilipoingia ndani Baba alikuwa vile vile kitandani, mkono juu ya goti. Akaniona na begi. Uso ukafunguka.

Akasema, "Umewahi."

Nikasema ndiyo Baba, barabara ilikuwa nzuri.